Nauli ya daladala ikipanda, jiji linabadilika vipi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mifano mingi hapa ni ya Dar es Salaam, kwa kuwa nauli zake hupangwa na mamlaka moja na kila nyongeza ina tarehe yake. Miji mingine inatajwa pale inapoeleza jambo ambalo Dar peke yake haitoshi kulieleza. Hesabu zinazoanza na "tuseme" ni za kuonyesha njia ya kukokotoa. Weka namba zako.

Nani anapanga nauli ya daladala, na kwa hatua zipi?

LATRA, yaani Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019. Wamiliki wa magari hupeleka maombi kupitia vyama vyao: DARCOBOA kwa mabasi ya Dar es Salaam, TABOA kwa yale ya mikoani. Maombi huambatana na gharama: mafuta, matairi, vipuri, bima, mishahara, marejesho ya mkopo, uchakavu wa gari. Kisha huitishwa mkutano wa wadau, ambapo baraza la ushauri la watumiaji, LATRA CCC, huzungumza kwa niaba ya abiria. Katika nyongeza za 2022 na 2023, nauli mpya zilianza kutumika siku 14 baada ya kutangazwa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Gharama ya gari kwa safari moja hugawanywa kwa idadi ya abiria wanaokisiwa kulipa. Watu hubishana sana juu ya gharama, hasa bei ya dizeli, na kuisahau idadi hiyo ya abiria. Gari ikihesabiwa kwa viti tu wakati asubuhi na jioni inajaza mpaka mlangoni, kila abiria anapangiwa mzigo mkubwa kuliko wa kweli. Mwenye nafasi ya kuuliza swali moja tu mkutanoni aulize hilo: abiria wangapi kwa safari, na nani aliwahesabu?

Nauli imepanda kwa kiasi gani?

Kwa ruti isiyozidi kilomita 10, nauli ya mtu mzima ilikuwa shilingi 400 tangu 2013 hadi Mei 2022. Tarehe 14 Mei 2022 ikawa 500. Desemba 2023 ikawa 600. Ndani ya miezi isiyofika 20, nauli iliyokaa miaka tisa bila kuguswa ilipanda kwa nusu.

Kwa ruti ndefu, mabadiliko ya Mei 2022 yalikuwa hivi: kilomita 11 hadi 15 kutoka 450 hadi 550, kilomita 16 hadi 20 kutoka 500 hadi 600, kilomita 21 hadi 25 kutoka 600 hadi 700, kilomita 26 hadi 30 kutoka 750 hadi 850. Kila kundi liliongezewa shilingi 100, na usawa huo wa nyongeza ndio uliozaa mengi ya yanayoelezwa chini.

Mabasi ya mikoani hupangiwa kwa kilomita. Daraja la kawaida lilitoka shilingi 41.29 hadi 48.47 kwa kila abiria kwa kilomita mwaka 2023. Huko umbali unalipiwa wote. Kwenye daladala unalipia zaidi kitendo cha kupanda.

Lakini vitu vyote vimepanda. Je, nauli imepanda kweli?

Swali zuri, na jibu lake haliwapendezi abiria wala wamiliki. Tuseme bei za vitu zinapanda kwa asilimia 4 tu kwa mwaka. Shilingi 400 ya 2013 ingepaswa kuwa karibu 570 kufikia 2022 ili ibaki na thamani ile ile. Kwa hiyo 500 ya Mei 2022, ukiondoa kupanda kwa bei, ilikuwa bado chini ya 400 ya 2013.

Nauli halisi ilikuwa inashuka kimya kimya, mwaka baada ya mwaka, na kuna aliyekuwa anailipia. Aliyeilipia ni gari: matairi yaliyovalishwa upya, breki zilizosubiri, viti vilivyochanika, gari iliyozeeka barabarani badala ya kubadilishwa. Abiria naye alilipa kwa kubanana na kwa kukatishiwa ruti, yaani kushushwa kabla ya mwisho wa ruti. Nauli ikigandishwa muda mrefu kisha ikaachiwa kwa mkupuo, abiria huumia mara mbili: kwanza kwa huduma mbovu, halafu kwa nyongeza ya ghafla ambayo mshahara wake haukujiandaa nayo. Nyongeza ndogo za kila mwaka kwa kanuni inayojulikana zisingeuma kiasi hicho. Hakuna mwanasiasa anayependa kuzitangaza.

Kwa nini inasemekana nyongeza huwaumiza zaidi wanaosafiri karibu?

Kwa sababu ya shilingi 100 ile ile kwa wote. Mtu wa ruti fupi alitoka 400 hadi 500: asilimia 25. Mtu wa kilomita 28 alitoka 750 hadi 850: asilimia 13. Anayeshuka baada ya kilomita 3 analipa kiasi kile kile cha anayefika kilomita 10, kwa hiyo kila kilomita yake ina bei zaidi ya mara tatu ya mwenzake.

Ndiyo maana wa kwanza kuonekana wakitembea nauli inapopanda ni watu wa safari fupi: wa Manzese kwenda Magomeni, wa Keko kwenda Kariakoo. Kwao miguu ni mbadala wa kweli. Mtu wa Bunju hana mbadala huo.

Nikitaka kujua nyongeza imenigharimu mimi kiasi gani, nihesabu vipi?

Usianze na nauli. Anza na idadi ya magari unayopanda, kisha fuata hatua hizi.

1. Andika kila chombo unachopanda kutoka mlangoni kwako hadi kazini, pamoja na bodaboda, bajaji na kivuko. Kivuko cha Magogoni hadi Kigamboni, shilingi 200, nacho ni chombo kimoja.
2. Zidisha kwa mbili, kwenda na kurudi. Kama jioni ruti hukatishwa, andika bei ya jioni kama ilivyo, si ile ya kwenye kibao.
3. Zidisha kwa siku za kazi. Wengi wa maduka na viwanda hufanya siku 26 kwa mwezi.
4. Ongeza siku unazogeuza nalo, yaani kupanda gari linaloelekea mwanzo wa ruti ili upate kiti. Hapo unalipa nauli mbili kwa safari moja.
5. Gawanya kwa kipato kinachofika mkononi.

Nyongeza ya shilingi 100 kwa anayepanda gari moja ni 5,200 kwa mwezi. Kwa anayepanda mawili ni 10,400. Kwa anayepanda matatu ni 15,600. Gazetini inaandikwa nyongeza moja, shilingi mia.

Tuseme mtu anapata 300,000 kwa mwezi na hupanda daladala mbili za ruti fupi kwenda, mbili kurudi. Kwa nauli ya 400 alitumia 41,600, karibu asilimia 14 ya kipato. Kwa 500 akafika 52,000. Kwa 600 ni 62,400, karibu asilimia 21. Afrika Kusini, katika sera yake ya usafiri ya 1996, iliweka lengo kwamba usafiri wa kazini usizidi takriban asilimia 10 ya kipato cha matumizi. Mtu wetu alishavuka kiwango hicho kabla nyongeza yoyote haijaanza, na bado hajampakia mtoto wa shule hata mmoja.

Nauli ikipanda, abiria wangapi huacha kupanda?

Wachumi hupima hili kwa unyumbufu wa mahitaji: kwa kila asilimia moja ya nyongeza, abiria hupungua kwa asilimia ngapi. Kanuni ya zamani ya Marekani, iitwayo Simpson-Curtin, inasema nauli ikipanda asilimia 3 abiria hupungua asilimia 1. Mwongozo uliotolewa Uingereza mwaka 2004 ulikusanya tafiti nyingi na kupata wastani wa 0.4 kwa mabasi katika muda mfupi, 0.56 katika muda wa kati, na 1.0 katika muda mrefu.

Nauli ikipanda asilimia 20 na unyumbufu ukiwa 0.3, abiria wanapungua asilimia 6 na mapato yanaongezeka karibu asilimia 13. Kila mtu ofisini anafurahi. Unyumbufu ukifika 0.6, nyongeza ya mapato inabaki chini ya asilimia 6. Ukifika 1.0, mapato yanashuka asilimia 4 chini ya pale palipoanzia. Ripoti ya miezi mitatu ya kwanza, basi, haithibitishi kitu. Watu hawajapata muda wa kuhama, kubadili kazi, kununua pikipiki kwa mkopo.

Mfano safi zaidi ni wa London. Oktoba 1981 baraza la jiji lilipunguza nauli kwa karibu theluthi. Desemba mwaka huo majaji wa House of Lords walisema punguzo lile halikuwa halali, na Machi 1982 nauli zikapanda karibu maradufu. Abiria wakakimbia, magari binafsi yanayoingia katikati ya jiji yakaongezeka. Mwaka 1983 nauli zikashushwa tena kwa takriban robo, sambamba na tiketi moja ya mabasi na treni za chini ya ardhi, na abiria wakarudi. Ndani ya miaka miwili jiji lilijaribiwa pande zote mbili.

Tahadhari moja kabla ya kuzileta namba za Uingereza Dar. Kule anayeacha basi mara nyingi anaingia kwenye gari lake. Hapa anatembea, au anaifuta safari. Idadi ya wanaoacha inaweza kuonekana ndogo, lakini kilichopotea ni kikubwa zaidi: safari ya kwenda kliniki, ya kutafuta kazi, ya kumwona mama.

Shilingi ya nyongeza inaishia mfukoni mwa nani?

Dereva wa daladala kwa kawaida haajiriwi kwa mshahara. Anakabidhiwa gari asubuhi, jioni analeta hesabu, yaani kiasi kilichopangwa cha siku, kwa tajiri mwenye gari, mafuta juu yake. Kinachobaki anagawana na konda.

Tuseme gari inakusanya 200,000 kwa siku: mafuta 90,000, hesabu 70,000, wafanyakazi wanabaki na 40,000. Nauli inapanda asilimia 20, abiria wanapungua asilimia 6, makusanyo yanakuwa 225,600. Lakini nauli ilipanda kwa sababu mafuta yalipanda. Sasa ni 105,000. Tajiri naye anapandisha hesabu hadi 80,000. Wanabaki na 40,600. Dereva na konda wametukanwa na abiria mwezi mzima kwa sababu ya shilingi 600 za kugawana.

Kwa hiyo nyongeza haibadilishi uendeshaji. Dereva bado anafukuzia hesabu, bado anasubiri gari ijae kituoni, bado anakimbizana na mwenzake. Anayetarajia ustaarabu kwa kupandisha nauli bila kugusa mfumo wa hesabu atasubiri sana.

Kwa nini ruti hukatishwa zaidi nauli inapopanda?

Hili ndilo lisiloandikwa kwenye matangazo. Kundi la kwanza la umbali, kilomita 0 hadi 10, lina bei kubwa kwa kila kilomita kuliko makundi yanayofuata. Dereva akiikata ruti ya kilomita 20 katikati, abiria wanalipa nauli mbili za ruti fupi badala ya moja ya ruti ndefu.

Kabla ya Mei 2022: nauli halali 500, ya vipande viwili 800. Faida ya kukatisha, 300 kwa kichwa. Baada ya Mei 2022: nauli halali 600, ya vipande 1,000. Faida, 400. Nyongeza ya shilingi 100 kwa kila kundi ilipandisha pia zawadi ya kuvunja sheria kwa shilingi 100. Abiria aliyeambiwa nauli yake imepanda kwa asilimia 20, jioni ya foleni analipa maradufu ya alichokuwa akilipa kihalali wiki iliyopita.

Askari na wakaguzi wanaweza kupunguza hali hii vituoni, lakini motisha inabaki. Dawa iko kwenye muundo wa nauli: sehemu ya kupanda iwe ndogo, sehemu ya kilomita iwe kubwa, ili vipande viwili visizidi sana safari nzima. Au tiketi moja inayotambua kuwa umeshalipia safari hii ndani ya saa moja na nusu, hata ukibadili gari.

Nauli ya wanafunzi haikupanda. Hiyo si habari njema?

Ni njema kwa mwanafunzi aliyefanikiwa kupanda. Nauli yake ilibaki 200 katika nyongeza zote mbili. Kabla ya Mei 2022 konda aliyempakia mwanafunzi badala ya mtu mzima alipoteza 200. Baada ya Desemba 2023 anapoteza 400. Gari ikiwa na nafasi hakuna tatizo, 200 ni bora kuliko kiti kitupu. Saa 12 asubuhi, watu wakiwa wengi kuliko viti, mtoto ndiye anayesukumwa nje.

Punguzo linalolipiwa na konda litakwepwa na konda. Likilipiwa na serikali kwa kila mwanafunzi aliyegonga kadi yake, mwanafunzi anageuka abiria kama wengine.

Je, kodi za nyumba na bei za viwanja hubadilika?

Hubadilika, lakini si pale watu wanapotazama kwanza.

Nadharia ya kawaida, iliyojengwa na William Alonso, Richard Muth na Edwin Mills katika miaka ya 1960, inasema hivi: watu hulipa kodi kubwa karibu na kazi ili kuokoa usafiri. Usafiri ukipanda bei, karibu kunazidi kuwa ghali, mbali kunashuka, na jiji linajikunja. Nadharia hiyo inachukulia kwamba gharama hupanda kwa kila kilomita.

Dar haikupandisha kwa kilomita. Nyongeza ya 2022 ilikuwa 100 kwa wa kilomita 8 na 100 kwa wa kilomita 28. Tofauti ya nauli kati yao haikubadilika, ilibaki 350. Kwa hiyo hakuna sababu ya kutegemea kwamba mtu wa Mbagala anayepanda gari moja hadi Kariakoo atahama kwa sababu ya nyongeza ile. Atakayehama ni yule wa kubadili magari. Nauli zinazolipwa kwa kila kupanda hufanya ramani ya jiji ipimwe kwa idadi ya magari, si kwa kilomita.

Tuseme majirani wawili. Wa kwanza anaishi hatua chache kutoka kituo cha gari la moja kwa moja na hulipa 700 kwenda, 700 kurudi: 36,400 kwa siku 26. Wa pili yuko kilomita 2 ndani, anapanda bodaboda ya 1,000, daladala ya 600, kisha nyingine ya 600: 114,400. Tofauti ni 78,000 kila mwezi. Hicho ni chumba. Mwenye nyumba aliye karibu na kituo analijua hilo bila kusoma uchumi, na dalali wake ataanza na maneno "gari moja tu mpaka Posta".

Kwa hiyo maeneo ya aina mbili hupata wapangaji zaidi: mitaa ya kutembea hadi kazini, kama Tandale, Keko na Buguruni, na pembezoni penye ruti ya moja kwa moja. Yanayopoteza ni yale ya katikati ya hayo mawili, yasiyo mbali sana lakini yanayohitaji bodaboda na kubadili gari. Kwa anayenunua kiwanja, swali la "ni kilomita ngapi kutoka barabara kuu" halitoshi. Uliza ruti ngapi zinapita, zinaishia wapi, na jioni zinafika kweli au zinageuzia njiani.

Kwa nini watu hawahami mara moja?

Kodi inalipwa miezi 6 au 12 mbele. Dalali huchukua kodi ya mwezi mmoja. Kusogeza vitu kunahitaji kirikuu. Watoto wako katikati ya muhula. Mtu wa pili wa mfano hapo juu anaokoa 78,000 kwa mwezi akihama, lakini anahitaji malaki mkononi siku ya kuhama, na pesa hiyo ndiyo inayoliwa na nauli.

Kabla ya kuhama hujaribu mengine. Anatembea kipande cha mwisho. Anaondoka saa 11 alfajiri ili apate kiti bila kugeuza. Analala kwa ndugu siku tatu za wiki. Kuhama huja mkataba unapoisha, ndiyo maana athari kubwa ya nyongeza ya Desemba huonekana katikati ya mwaka unaofuata, watu wakiwa wameshasahau chanzo.

Athari kwa ajira na biashara ni zipi?

Mwajiri wa wafanyakazi wa kipato cha chini huanza kuuliza "unakaa wapi?" kabla ya kuuliza ujuzi. Anayekaa magari matatu mbali atachelewa, ataomba nauli katikati ya mwezi, ataacha kazi akipata ya karibu. Soko la ajira linakatika vipande vidogo, na mwenye ujuzi wa Chanika hashindanii tena kazi ya Mikocheni.

Kutafuta kazi kunaumia zaidi kuliko kufanya kazi, kwa kuwa hakuna mshahara wa kulipia nauli. Addis Ababa vijana wasio na kazi walipewa pesa ya basi kila walipofika katikati ya mji, kwa miezi michache. Walitafuta kazi kwa bidii zaidi, na wengi zaidi kati yao walipata kazi za kudumu kuliko wenzao wasiopewa.

Kwenye biashara, mteja wa rejareja anayekwenda Kariakoo kununua kitu cha 8,000 hufikiria mara mbili nauli ya kwenda na kurudi ikifika 2,400. Duka la mtaani linaweza kumwuzia kwa 9,500 na bado akaona nafuu. Fremu za vituo vya pembezoni hujaa kwa njia hiyo. Kariakoo ya jumla haiyumbi, mzigo mkubwa unabeba nauli kirahisi.

Mwendokasi unabadilisha hesabu hii?

Kwa kiasi, na sababu kubwa ni tiketi ya pamoja. Awamu ya kwanza ya mabasi haya yaendayo haraka, kilomita 20.9 kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Kariakoo na Morocco, ilianza Mei 2016. Mwendeshaji alipendekeza 700 kwa mabasi ya pembeni yanayoleta abiria kwenye njia kuu, 1,200 kwa njia kuu na 1,400 kwa vyote viwili. Serikali ilikataa, zikapitishwa 400, 650 na 800.

Tazama ile 800. Aliyepanda mawili hakulipa 1,050. Kubadili gari kulimgharimu 150 tu juu ya njia kuu. Kipande hicho cha muundo kina maana kubwa kwa mtu wa ndani kuliko kasi ya basi lenyewe. Lakini kinafanya kazi pale tu basi la pembeni linapokuja. Lisipokuja kwa nusu saa, abiria anachukua bodaboda na tiketi ya pamoja inabaki maandishi.

Jambo la pili: ruti za daladala zilizopita barabara ile ziliondolewa au kupangwa upya. Aliyekuwa na gari moja kutoka Kimara kwenda mahali nje ya njia ya mwendokasi akajikuta na mawili.

Nairobi hakuna bei elekezi. Hali ni bora?

Ni tofauti. Kule nauli hupangwa na SACCO za matatu, yaani vyama vya ushirika vya wenye magari, na hupanda saa za msongamano na mvua inaponyesha. Serikali huingia kupitia mafuta: EPRA, mamlaka ya udhibiti wa nishati, hutangaza bei tarehe 14 ya kila mwezi, na Julai 2023 VAT ya mafuta ilitoka asilimia 8 hadi 16. Kwa kuwa hakuna nauli moja ya kukatisha, shida ya kugawa ruti ni ndogo. Gharama inawaangukia wenye saa zisizobadilika, mlinzi na mhudumu wa hoteli. Mwenye uhuru hubaki mjini hadi saa 2 usiku, nauli ishuke.

Kwa nini nyongeza ndogo huwasha moto miji mingine?

São Paulo, Juni 2013, ilikuwa senti 20 za reali, kutoka 3.00 hadi 3.20, maandamano yakaenea nchi nzima na nyongeza ikafutwa. Santiago, Oktoba 2019, ilikuwa peso 30, kutoka 800 hadi 830 saa za msongamano; ikafutwa, lakini mambo yalikuwa yameshafika kwenye madai ya katiba mpya. Asilimia 7 na asilimia 4. Nauli hulipwa kila siku, kwa pesa taslimu au kadi inayolia, na kila mtu kwenye foleni hulipa kiasi kile kile. Ni vigumu kupata kodi nyingine inayowakutanisha wanaoilipa namna hiyo.

Alexandra, Johannesburg, Januari 1957, nauli ya basi ilipanda kutoka pensi 4 hadi 5. Wakazi waliacha mabasi na kutembea karibu kilomita 15 kwenda kazini, na 15 kurudi, hadi Aprili. Sheria ya ubaguzi ndiyo iliyokuwa imewaweka mbali na kazi zao. Pensi 4 ilirudi, na tofauti ikalipwa kwa tozo kwa waajiri.

Basi nani mwingine anaweza kulipa?

Waajiri, kama Alexandra ilivyoonyesha. Ufaransa ilianza tozo ya usafiri kwa waajiri wa Paris mwaka 1971. Brazil, tangu 1985, mwajiri hulipa gharama ya nauli inayozidi asilimia 6 ya mshahara wa msingi. Ni nzuri, ila haimfikii machinga wala mama ntilie. Ujerumani ililipa kwa hazina: tiketi ya euro 9 kwa mwezi majira ya joto ya 2022, kisha 49 Mei 2023, kisha 58 Januari 2025. Ruzuku isiyo na chanzo maalumu hupanda bei kila bajeti inapobana. Tanzania nayo iliweka shilingi bilioni 100 za ruzuku ya mafuta Juni 2022. Ruzuku ya mafuta humfikia mwenye Prado kabla ya abiria wa Coaster.

Nikitozwa zaidi, au nikitaka kupinga nyongeza, nifanye nini?

Malalamiko bila namba ya gari hayafiki popote. Andika namba ya usajili, ruti iliyochorwa ubavuni, mahali uliposhushwa, saa, na kiasi ulicholipa, kisha peleka LATRA siku hiyo hiyo. Kama ruti ilikatishwa, taja pia kama ulilazimika kulipa gari la pili na shilingi ngapi. Nauli zinazoishia na hamsini zina tatizo lao, chenji ya hamsini haipatikani. Kuwa nayo mfukoni kunamaliza ubishi haraka kuliko kusoma kibao.

Kwa kupinga, peleka maoni kwa maandishi kabla au wakati wa mkutano wa wadau. Kauli ya "maisha ni magumu" huandikwa na kupita. Karatasi yenye siku kumi za safari za watu ishirini wa mtaa mmoja, ikionyesha magari waliyopanda, nauli ya kibaoni na waliyolipa kweli, inamlazimisha mtu wa mezani kuijibu kwa namba.